"Ngapi" na "Ipi": Istilahi za Kuhesabia Chembe katika Fizikia ya Takwimu

Utangulizi

Hoja kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha ya sayansi imejibiwa mara nyingi kwa orodha za istilahi. Kazi hiyo ni ya lazima. Hata hivyo, zipo mada ambazo ugumu wake hautokani na kukosekana kwa neno, bali na kutumiwa kwa neno moja mahali panapohitaji mawili. Mojawapo ni hesabu ya namna chembe zinavyoweza kukaa katika ngazi za nishati. Makala haya yanaieleza hesabu hiyo, na kuonyesha kwamba tofauti inayoitegemeza imo tayari katika sarufi ya Kiswahili, katika viulizi "-ngapi" na "-pi".

Mgawanyo na mpangilio

Bilauri moja ya maji ina chembe nyingi mno hata haiwezekani kufuata mwendo wa kila moja. Kwa sababu hiyo fizikia ya takwimu huuliza kuna njia ngapi za chembe zote kugawana nishati iliyopo. Kila njia huchukuliwa kuwa na uwezekano sawa na nyingine. Kwa hiyo hali inayopatikana kwa njia nyingi zaidi ndiyo inayotarajiwa kuonekana.

Tuseme kuna chembe tatu, A, B na C, na ngazi za nishati zenye vipimo 0, 1, 2 na 3. Jumla ya nishati ni vipimo 3. Chembe hizo zinaweza kukaa kwa namna tatu: (a) moja katika ngazi ya 3 na mbili katika ngazi ya 0; (b) moja katika ngazi ya 2, moja katika ya 1 na moja katika ya 0; (c) zote tatu katika ngazi ya 1. Haya ni majibu ya swali la "ngapi": kila ngazi ina chembe ngapi? Likiulizwa swali la "ipi", yaani ni chembe ipi iliyo katika ngazi ipi, majibu huongezeka. Namna (a) ina njia 3, kwa kuwa ya juu yaweza kuwa A, B au C. Namna (b) ina njia 6. Namna (c) ina njia 1. Jumla ni njia 10, na uwezekano wa kuikuta namna (b) ni 6 kati ya 10.

Jibu la "ngapi" lafaa kuitwa mgawanyo, na jibu la "ipi" mpangilio. Mwanafizikia wa Austria, Ludwig Boltzmann, aliyeiweka wazi hesabu hii mwaka 1877, naye alihitaji maneno mawili ya Kijerumani: Zustandsverteilung kwa mgawanyo, na Komplexion kwa mpangilio. Katika mfano wake, molekuli 7 hugawana vipimo 7 vya nishati. Migawanyo ni 15 tu, lakini mipangilio ni 1716.

Namna ya kuihesabu mipangilio haitakuwa ngeni kwa mwanaisimu. Herufi nne zilizo tofauti hupangika kwa njia 4×3×2×1, yaani 24. Lakini katika neno "baba", b mbili zikibadilishana nafasi neno halibadiliki, wala a mbili zikibadilishana. Kwa hiyo 24 hugawanywa kwa 2, kisha kwa 2 tena, zikabaki njia 6. Molekuli za Boltzmann ni vivyo hivyo: ziandikwe kwa safu namba za ngazi walizomo molekuli saba, mfano 0001123. Tarakimu saba hupangika kwa njia 5040. 0 imerudiwa mara tatu na 1 mara mbili, basi 5040 hugawanywa kwa 6 na kwa 2, nazo hubaki 420. Hakuna mgawanyo mwingine kati ya ile 15 wenye mipangilio mingi kuliko huo.

Juu ya kaburi la Boltzmann mjini Vienna imechongwa kanuni S = k log W. S ni entropia, na W ni idadi ya mipangilio. Mfasiri akitumia neno "hali" kwa dhana zote mbili, msomaji hatajua kama kinachohesabiwa ni kile kilichotoa 15 au kile kilichotoa 1716.

Pale "ipi" inapokosa jibu

Boltzmann aliamini kwamba swali la "ipi" lina jibu daima, hata kama hakuna alijuaye. Mwaka 1924 Satyendra Nath Bose, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dhaka, ambao sasa ni mji mkuu wa Bangladesh, alimpelekea Albert Einstein makala iliyopata kanuni ya Max Planck ya mnururisho kwa njia mpya. Bose alihesabu ni vyumba vingapi visivyo na fotoni, vingapi vyenye moja, vingapi vyenye mbili, na kuendelea. Hakuuliza ni fotoni ipi. Einstein mwenyewe aliifasiri makala hiyo kutoka Kiingereza hadi Kijerumani, ikachapishwa mwaka huohuo.

Kwa hesabu ya Bose, namna (a), (b) na (c) huhesabiwa mara moja moja; jumla ni 3, na uwezekano wa (b) hushuka hadi 1 kati ya 3. Mwaka 1926 Enrico Fermi na Paul Dirac, kila mmoja kwa upande wake, walitoa hesabu ya chembe kama elektroni, ambazo haziwezi kukaa mbili katika nafasi moja. Ikiwa kila ngazi ina nafasi moja tu, (a) na (c) huondoka, ikabaki (b) peke yake. Basi chembe tatu zenye nishati ileile hutoa 10, 3 au 1. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Wametofautiana juu ya kile kinachostahili kuitwa tofauti.

Mambo ya kuzingatia katika kufasiri

Kwanza, neno "zinazofanana" halitoshi. Pacha hufanana, na bado mama yao humjua Hasani na Huseni. Fotoni hazina wa kuzijua, kwa kuwa hakuna cha kujulikana. Zafaa kuitwa chembe zisizotofautishika. Pili, "chembe hii" na "chembe ile", au "chembe ya kwanza" na "chembe ya pili", ni maneno yanayokwisha kulijibu swali la "ipi" kabla halijaulizwa. Katika hesabu ya Boltzmann yanafaa. Katika hesabu ya Bose na ya Fermi yanapotosha. Huko "chembe mbili" ni sahihi, na "chembe ya pili" si sahihi.

Hitimisho

Mwanafunzi atakayesoma kitabu kilichoandikwa kwa uzembe katika jambo hili atahesabu 10 mahali ambapo maumbile yana 3, na kosa halitakuwa lake. Litakuwa la mfasiri aliyedhani kwamba kazi yake imekwisha alipopata neno la "chembe". Lugha inayotenga "ngapi" na "ipi" inayo tayari nyenzo ya kuieleza mada hii. Kinachobaki ni mwandishi kuitumia kwa uangalifu.