Lualaba: kwa nini Kolwezi hukauka miezi mitano, na Kisangani mvua haikatiki

Kila mwaka, mwezi wa tano, mvua inaaga Kolwezi. Vumbi jekundu la barabara za migodi linatua juu ya mabati, na mkulima wa mahindi anajua hatapanda tena hadi mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Wakati huohuo Kisangani, mji ulio karibu kabisa na ikweta, mvua inanyesha kila mwezi. Nchi ni moja, tena mto Lualaba unaopita karibu na Kolwezi ndio unaofika Kisangani.

Sababu ni kwamba mvua hufuata jua. Mkanda wa mawingu mazito ulio karibu na ikweta husogea pamoja nalo. Mwezi wa sita unahamia kaskazini, upande wa Uele na Ubangi, na pepo kavu za kusini-mashariki zinatawala Katanga. Kolwezi iko kati ya nyuzi 10 na 11 kusini mwa ikweta: jua linapita juu yake mwezi wa kumi likienda kusini, na mwezi wa pili likirudi. Kati ya safari hizo mbili ndipo mvua inapokuwa nyingi.

Kwa wachimbaji wa mikono, huo ndio wakati wa hatari, kwani udongo uliolowa hauna nguvu. Mwezi wa kumi na moja 2025, huko Kalando, daraja la muda lilivunjika na watu wasiopungua 32 wakafa. Wakuu wa jimbo walisema watu walikuwa wamekatazwa kuingia kwa sababu ya mvua kubwa na hofu ya udongo kuporomoka. Lakini kiangazi nacho si kinga: tarehe 27 Juni 2019, udongo uliporomoka katika mgodi wa KOV na kuua wachimbaji zaidi ya 40.

Mvua hiyo ya nusu mwaka inapaswa pia kutoa umeme wa mwaka mzima. Bwawa la Nzilo, lililomalizika 1952, huweka akiba ya maji ya Lualaba ili mitambo ya Nzilo na Nseke isisimame wakati wa kiangazi. Inga ina nafuu zaidi: mto Kongo hupokea maji ya pande zote mbili za ikweta, na upande mmoja ukikauka, mwingine unanyeshewa.

Mkulima wa Lualaba hana bwawa. Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi inaweza kumdanganya: anapanda, mvua inakatika wiki mbili, mbegu zinakufa, na inabidi anunue nyingine. Akichelewa sana, mvua inaisha mwezi wa nne kabla mahindi hayajakomaa. Bukari ya mwaka mzima inategemea wiki hizo chache za kungoja.