Taya la mtoto likivimba, usikimbilie kung'oa jino

Msomaji, mtoto wako akivimba taya na meno yake yakilegea, huenda ukadhani ni jino bovu. Wazazi wengi wa Kisumu, Siaya na Homa Bay huanza kwa kumng'oa jino, na wiki zinapita bure. Uvimbe huo waweza kuwa saratani ya Burkitt. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, aliueleza ugonjwa huu mwaka wa 1958 akiwa Kampala.

Mnamo 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walikuza mjini London seli za uvimbe zilizotoka Uganda. Walipozitazama kwa hadubini ya elektroni waliona virusi. Epstein alitambua papo hapo kuwa ni vya ukoo wa herpesi, kwa sababu ya umbo la ganda lao.

Ganda hilo ni dogo ajabu: ukipanga 8,000 kwa mstari yatafikia milimita moja hivi. Lina nyuso 20 za pembetatu na ncha 12. Vipande vyake vya protini ni 162. 150 vina pande sita kama matundu ya sega la nyuki, 11 vya pande tano hukaa kwenye ncha, na ncha ya mwisho ina mlango.

Je, hujengwaje? Umewahi kuona mafundi wakimwaga zege la ghorofa: kwanza huweka mbao za kulishikilia, kisha huziondoa. Ndivyo ilivyo ndani ya kiini cha seli. Protini za jukwaa hutangulia, vipande hujipanga kuzizunguka, kisha kimeng'enya hulikatakata jukwaa. Hapo mtambo mdogo mlangoni husukuma DNA ndani kwa nguvu, na ganda lililokuwa mviringo hukakamaa na kutoa pembe zake.

Dawa ya letermovir, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2017, huzuia mtambo kama huo, lakini ni wa ndugu mwingine wa ukoo huu. Burkitt haiponi hivyo. Ndani ya uvimbe virusi vya Epstein-Barr hulala kimya, karibu bila kujenga maganda. Kwa hiyo usipoteze pesa kwa dawa za vidonda vya midomo.

Damu, hata hivyo, hulikumbuka ganda. Utafiti wa West Nile, Uganda, uliotangazwa 1978, ulionyesha kuwa watoto wenye kingamwili nyingi dhidi ya protini zake ndio waliokuwa katika hatari zaidi.

Virusi hivi huenea kwa mate, na karibu kila mtu huvipata. Kwetu ziwani kuna pia malaria ya mara kwa mara, inayodhoofisha ulinzi wa mwili. Utafiti wa 2012 uligundua kuwa watoto wachanga wa Kisumu huambukizwa mapema kuliko wa Nandi.

Uvimbe wa Burkitt waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini kwa kuwa seli zake hugawanyika upesi, dawa za saratani huziua upesi pia, na watoto wengi wanaoletwa mapema hupona. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile tuliyozoea kuiita Russia, nao watakata kipande cha uvimbe wakipime kabla ya jino lolote kuguswa.