Lita Ngapi kwa Samaki Mmoja?

Swali huanzia kwenye simu. Mtu ametazama video ya kolekole akivutwa kutoka mwambani, ufito umepinda, mvuvi jasho linamtiririka, kisha anauliza: "Na mimi nataka kupambana na samaki wa namna hiyo. Itanigharimu ngapi?" Kwa mkaaji wa Bunia swali hilo lina majibu matatu, na yanaachana zaidi kwa gharama kuliko yanavyoachana kwa samaki.

Dola na faranga hazitulii, kwa hiyo hapa nimepima kwa kilomita za njia, lita za esansi na siku utakazokosa kazini. Bei ya esansi ya leo utaizidisha mwenyewe.

Unanunua mapambano gani?

Kolekole anayesifiwa na wavuvi wa mchezo ni yule mwenye mstari mweusi unaokata jicho, Seriola dumerili. Hukaa zaidi kwenye kina cha mita 20 hadi 70, na akishika ndoano hupiga mbizi moja kwa moja kurudi kwenye mwamba ili mshipi ukatike. Jirani zake ni karambisi na chewa, nao si wapole.

Hao ni wa baharini; sisi wa ziwani tuna kapiteni, ambaye Mwanza na Kisumu wanamwita sangara. Anaweza kufikia karibu mita mbili na kilo 200. Rekodi ya dunia ya kumvua kwa ufito ni kilo 104.3, Ziwa Nasser huko Misri, mwaka 2000. Kusema kweli hana pumzi ndefu kama ya kolekole, lakini mkimbio wake wa kwanza ni mzito, na akiibuka juu ya maji anatikisa kichwa mpaka ndoano ing'oke. Pamoja naye yupo ngasia, mwenye meno ya nje na kinywa cha mfupa mtupu: mdogo kwa umbo, mkali kwa tabia.

Chaguo la kwanza: Tchomia na Kasenyi

Unashuka kupitia Bogoro, kilomita 50 na kitu, zaidi ya mita 600 chini ya Bunia, mpaka ukingoni mwa Ziwa Albert. Hapo utakodi pirogi ya mvuvi na mwendeshaji wake. Mashine ya kizamani inayochanganya mafuta na esansi hunywa, ikipigwa kasi kamili, karibu nusu lita kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi. Yamaha 15 basi ni lita saba na nusu kwa saa, Yamaha 40 ni lita 20. Kuvuta chambo polepole hupunguza hesabu hiyo sana. Siku nzima na Yamaha 15 ukiihesabia lita 25 hadi 30 hutapungukiwa. Akikuambia mtu kwamba bila 40 huendi popote, muulize unakwenda wapi: ziwa lenyewe halizidi mita 60 kwa kina, na huna haja ya kukaribia mpaka wa Uganda, ambako doria huwakamata wavuvi.

Siku utakayopoteza: moja au mbili. Samaki unarudi naye nyumbani.

Kasoro ya chaguo hili ni kwamba pirogi imeundwa kwa nyavu, haina kiti wala kishikio cha ufito. Tena tangu tarehe 6 Mei 2021 mkoa wetu wa Ituri unaongozwa kijeshi, kwa hiyo uliza hali ya njia asubuhi ileile unayoondoka, na jitambulishe kwa wakubwa wa bandari kabla ya kuingia majini.

Chaguo la pili: Murchison

Hapa unakwenda Mahagi, kilomita 180 hivi, unavuka Goli, unapita Nebbi hadi Pakwach, mlangoni mwa hifadhi ya Murchison Falls. Nile inajibana katika ufa wa mita saba hivi na kuanguka mita 43. Chini ya maporomoko kuna mawe, mikondo na kapiteni wakubwa, na watu huvulia ukingoni, hivyo esansi ya boti inaweza kuwa ndogo. Gharama iko kwingine: pasipoti, kitabu cha chanjo ya homa ya manjano, kiingilio cha hifadhi, kibali cha uvuvi, mwongozaji, na malazi ya siku nne au tano ukihesabu safari.

Kabla hujalipa, tazama ramani. Mto ule ule, baada ya maporomoko, unaingia Ziwa Albert. Kapiteni wa Murchison na wa Tchomia wanaogelea maji yanayoungana, na maporomoko ndiyo yaliyowazuia wasipande juu. Ndiyo maana waliofika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960 walipelekwa na binadamu, wengi kutoka Ziwa Albert. Basi Murchison hulipii samaki mwingine. Unalipia mawe yanayomweka karibu, na mtu anayejua kiboko analala wapi. Fahamu pia kwamba huko kapiteni kwa kawaida hurudishwa majini. Ukitaka kitoweo, umekosea njia.

Chaguo la tatu: bahari

Mombasa iko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Bunia hata kwa mstari ulionyooka. Kutoka hapo utakwenda kusini hadi Shimoni, kwenye mkondo wa Pemba, au kaskazini hadi Watamu na Malindi. Nenda wakati wa upepo wa kaskazi, Novemba hadi Machi. Upepo wa kusi ukichafua bahari boti nyingi hupumzika. Boti ya mchezo yenye mashine mbili za 150, ikipigwa kasi kamili, hupita lita 80 kwa saa: saa moja yake ni karibu siku tatu zako za Tchomia. Ongeza wiki nzima ya kutokuwepo kazini. Na uliza mapema samaki ni wa nani, maana mara nyingi hubaki na boti.

Faida yake haipatikani kwingine: kolekole mwenyewe, na nahodha anayeujua mwamba kwa jina.

Vifaa

Kwa kapiteni, mshipi wa kubeba kilo 15 hadi 25 unatosha, ukiungwa mbele na nailoni nene, kwa sababu kinywa chake hukwaruza kama msasa. Kwa ngasia weka kipande cha waya. Kwa kolekole unahitaji mshipi wa kilo 35 au zaidi na rili yenye breki isiyochoka. Seti ya bahari itafaa ziwani. Ya ziwani ikipelekwa baharini itarudi tupu. Ukinunua moja tu, nunua kwa kuangalia breki ya rili na upya wa mshipi. Mimi niliwahi kununua mshipi uliokaa juani dirishani mwa duka. Ulikatika kwa samaki wa kwanza, na bei nafuu ile ikawa ghali kuliko zote.

Uamuzi

Mwenye wiki nzima na akiba nzito, anayemtaka kolekole na si kingine, aende Shimoni. Anayetaka kufundishwa na mwongozaji aende Murchison. Wengine wote washuke Tchomia.

Ila lita ulizookoa zisirudi zote mfukoni. Mwishoni mwa Desemba 2016 boti iliyobeba wachezaji wa mpira na mashabiki wao ilizama katika ziwa hilihili, upande wa Uganda, na wengi wakafa. Nunua jaketi la kuokolea la kwako, na jingine la mwendeshaji, kabla hujanunua hata ndoano moja. Ukiyaweka yote mawili kwenye hesabu, Tchomia bado ni rahisi kuliko Shimoni.