Rekodi za Mwanga Unaochagua Mkono

Molekuli nyingi za dawa na manukato huja jozi, zikitazamana kama kiganja cha kulia na cha kushoto. Atomi ni zilezile, lakini mwili huzitofautisha: karvoni ya mkono mmoja hunukia nanaa, ya mkono wa pili hunukia kisibiti. Kupata mkono mmoja peke yake ndiyo kazi ngumu, na wanakemia wameutaka mwanga uifanye tangu zamani.

Wazo kongwe ni la Mfaransa Le Bel, 1874: tumia mwanga ambao mawimbi yake huzunguka kulia au kushoto. Ikapita miaka 55 kabla ya Kuhn na Braun kufaulu, huko Ujerumani, na ziada ya mkono mmoja waliyoipata ilikuwa ndogo mno.

Rekodi ghali kuliko zote ni ya kafuri. Mwaka 1974 Henri Kagan na wenzake, Ufaransa, waliimulika kwa mwanga huo wa kuzunguka hadi pacha mmoja akaharibika upesi kidogo kuliko mwenzake. Walifikia ziada ya asilimia 20, yaani 60 kwa 40. Lakini asilimia 99 ya kafuri ilikuwa imeteketea. Kilo nzima ingebakiza gramu 10 tu.

Chanzo kidogo kilichozaa makubwa kiko Tokyo, kwa Kenso Soai, mwenye molekuli inayochochea kuundwa kwa nakala zake yenyewe. Mwaka 2003 ziada ya asilimia 0.00005 ilipanda kupita 99.5 kwa mizunguko mitatu. Miaka miwili baadaye, mwanga wa kuzunguka ndio ulioamua upande.

Kwangu mimi, rekodi iliyo kubwa zaidi ni ya Thorsten Bach na kikundi chake, Munich, 2018, kwa sababu mwanga wao ulikuwa wa kawaida, usio na mkono. Mkono ulikuwa kwenye kichocheo. Hicho hushika pacha wote wawili wa molekuli ziitwazo aleni, ila mmoja hukaa karibu nacho zaidi, hupokea nishati, hupoteza umbo lake, kisha huangukia upande wowote. Akiangukia upande wa mwenzake, huko hutulia. Polepole karibu aleni zote huhamia upande mmoja, kwa ziada ya asilimia 89 hadi 97, na hakuna pacha anayetupwa.

Mwaka uliofuata, Marekani, vikundi vya Robert Knowles na Scott Miller viliyafanya hayo kwa molekuli za jamii ya urea, vichocheo vitatu vikifanya kazi katika chombo kimoja.