Kutoka uwanja wa ndege wa Nairobi mpaka hoteli: namna ya kusafiri kwa gari la pamoja

Mwaka baada ya mwaka wako wajumbe wa jumuiya zetu wanaopanda ndege kwenda Nairobi: wachungaji walioitwa mkutanoni, wamama wa idara ya wanawake, vijana wanaokwenda semina, na wengine wanaosindikiza mgonjwa hospitali. Makao makuu ya CETA, umoja wa makanisa ya Afrika yote, yako kule, kwenye barabara ya Waiyaki mtaani Westlands, pamoja na kituo cha mikutano chenye jina la Askofu Mkuu Desmond Tutu. Barua ya mwaliko hueleza vizuri kichwa cha mkutano, chakula na vyumba. Lakini juu ya njia ya kutoka uwanja wa ndege mpaka hoteli, mara nyingi kuna mstari mmoja tu: kutakuwa na naveti. Msafiri wa mara ya kwanza anashuka usiku, amechoka, hajui naveti hiyo iko wapi, na kwa dakika chache anaweza kumaliza feza ambayo ilikuwa ya kula juma nzima. Feza yenyewe ni ya sadaka.

Naveti ni gari dogo la abiria wa pamoja. Kila mtu analipia kiti chake, na gari linapeleka kila mmoja kwenye hoteli yake. Si teksi, kwa sababu haliondoki na wewe peke yako. Si teksibisi ya kwetu wala matatu ya Nairobi, kwa sababu halisimami njiani kuchukua watu na halikuachi kituoni ujitafutie njia. Linafaa kwa mtu mmoja au wawili. Kwa kikundi, fanyeni hesabu kwanza. Tuseme kiti ni dola 10 na teksi nzima ni dola 25. Mtu mmoja amefaidika. Wawili wamefaidika kidogo. Watatu wametoa dola 30 na kungoja bure, afadhali wangechukua ekspresi.

Kabla ya yote, hakikisheni ni uwanja gani. Nairobi ina viwanja viwili vinavyopokea wasafiri. Ule mkubwa, Jomo Kenyatta, uko Embakasi, kilomita 15 hivi kusini-mashariki ya katikati ya mji. Huko ndiko zinakotua ndege kubwa za kutoka Kinshasa na Lubumbashi. Wilson ni uwanja mdogo kwenye barabara ya Lang'ata, na ndege ndogo hutua huko, zikiwemo za misheni kama AIM AIR. Anayekuja na ndege ya misheni kutoka upande wa Ituri aandike wazi jina la uwanja anapoomba gari. Dereva akitumwa Embakasi na mgeni yuko Wilson, kati yao kuna msongamano wa magari unaoweza kula saa nzima.

Jambo la pili ni saa, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Nairobi iko mbele ya Lubumbashi, Bukavu na Bunia kwa saa moja, na mbele ya Kinshasa kwa saa mbili. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi kama saa ya kufika ni ya Nairobi, si ya nyumbani. Tena kuna tatizo la lugha. Wengi wetu husoma saa kwa Kifaransa, na hata tukisema Kiswahili tunabeba hesabu ile ile, «saa kumi» kwa dix heures. Mkenya anahesabu saa kuanzia mapambazuko: kwake saa kumi ni saa 16:00 za tiketi, na dix heures ni saa nne asubuhi. Baba Mchungaji akimwambia dereva kwa simu, «Unichukue saa kumi, siku ya posho», dereva atafika saa 16:00, wakati ndege imeondoka zamani. Na hata «siku ya posho» hataielewa. Kwake ni Jumamosi. Andikeni saa kwa tarakimu nne kama zilivyo kwenye tiketi, pamoja na tarehe, mtume kwa ujumbe wa simu. Hiyo haina lahaja.

Unapoomba nafasi, iwe kwa hoteli, kwa waandalizi wa mkutano au kwa kampuni ya usafiri, toa namba ya ndege na si saa peke yake. Dereva mwenye namba ya ndege anaweza kuona kama imechelewa. Uliza maswali haya mapema: bei ni ya mtu au ya gari? Inalipwa wapi, na kwa feza gani? Mizigo mingapi inaruhusiwa? Gari linangoja muda gani baada ya ndege kutua? Na je, litapita barabara ya juu, na nani analipia? Barabara hiyo ya juu, yenye kilomita 27, inatoka Mlolongo, inapita karibu na uwanja wa ndege, inaishia Westlands. Magari yalianza kuitumia mwaka 2022. Ni ya kulipia. Asubuhi na jioni, wakati barabara ya Mombasa chini imejaa magari yasiyosogea, tofauti kati ya juu na chini inaweza kuwa zaidi ya saa moja. Kwa mtu anayekwenda Westlands, barabara hiyo inamfikisha karibu kabisa na anakokwenda. Lakini gari la pamoja lenye abiria wa kushuka katikati ya mji linaweza kulazimika kutoka kabla, na msishangae.

Mizigo isidharauliwe. Magari mengi ya kazi hii ni yale ya viti 14, lakini yakijaa watu 14 hakuna pa kuweka masanduku. Kwetu tumezoea kufunga mzigo juu ya paa na kumpakata mtoto. Kule kila abiria anakaa kwenye kiti chake na kufunga mkanda; kanuni za mwaka 2004 za waziri John Michuki, ambazo Wakenya wanaziita mpaka leo kwa jina lake, zililazimisha mikanda katika magari ya abiria. Kama unabeba vitabu vya nyimbo, vitenge vya zawadi au ngoma ya kwaya, sema mapema. Na tukiwa kwenye mizigo: Kenya ilikataza mifuko ya plastiki ya kubebea vitu tangu Agosti 2017. Vile visashe tunavyofungia unga na samaki viachwe nyumbani, mweke vitu kwenye mfuko wa kitambaa.

Sasa umefika. Kwanza kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, halafu pasipoti, halafu mizigo. Kwa siku yenye ndege nyingi hayo yote yanaweza kuchukua saa moja na zaidi. Ndiyo sababu niliwaambia muulize gari linangoja muda gani. Ukiona safu ni ndefu, tuma ujumbe kwa dereva ukiwa bado ndani. Kuna intaneti ya uwanja, na WhatsApp inatosha. Feza, badilisha kidogo tu palepale, za kutosha gari na maji. Faranga za Kongo usizitegemee, hazina soko kule. Dola zinapokelewa, lakini iliyopasuka, iliyoandikwa kalamu au ya zamani sana itakataliwa au itashushwa bei. Juu ya hilo sisi Wakongo hatuhitaji somo, maana kwetu hata tobo la sindano linatosha kuikataa. Wakenya wenyewe hulipa karibu kila kitu kwa M-Pesa, ile feza ya simu iliyoanza mwaka 2007. Kama utakaa siku kadhaa, kununua laini ya simu kwa pasipoti yako ni kazi nyepesi, na dereva ataweza kukupata.

Wapokeaji hawaruhusiwi kuingia mpaka kwenye mizigo. Wanasimama nje ya mlango wa kutokea, wakishika karatasi zenye majina. Uwanja una majumba kadhaa yenye herufi, 1A, 1B na kuendelea, na tangu moto wa tarehe 7 Agosti 2013 ulipounguza jumba la kuwasili, mambo yalipangwa upya. Ndege mbili za asubuhi moja zinaweza kutoa abiria kwenye milango tofauti. Kwa hiyo mwambie dereva umetokea jumba lenye herufi gani. Imeandikwa ukutani.

Hapo mlangoni ndipo pa kuwa macho. Watakuja watu wenye maneno matamu, wengine wataanza kusukuma kigari chako cha mizigo kabla hujajibu. Wengi wao ni watu wa teksi wanaotafuta riziki halali, lakini bei yao kwa mgeni si bei ya mwenyeji. Akikuuliza, «Pastor, unaenda mkutano?», ukajibu ndiyo, na hoteli ukamtajia, basi umempa kila kitu anachohitaji ili aseme ametumwa kukuchukua. Geuza swali. Usimwambie jina lako. Muulize yeye anamngoja nani, na ametumwa na nani. Aliyetumwa kweli ana jina lako kwenye karatasi au kwenye simu, pamoja na namba ya ndege. Ambaye hana, mshukuru kwa heshima na urudi kusimama karibu na mlango, penye taa na askari. Mama anayesafiri peke yake usiku asione haya kukaa ndani ya jumba mpaka dereva ampigie. Hakuna ubaya wala ukosefu wa imani katika hilo.

Ukishampata dereva, usifikiri safari imeanza. Huenda akakuambia, «Mzee, tungoje kidogo, kuna wawili wa ndege ya Addis Ababa.» Hiyo ndiyo gharama ya bei nafuu: unalipa sehemu kwa feza na sehemu kwa saa zako. Nusu saa ni kawaida. Ikipita saa moja, muulize kwa upole, au mpigie aliyeandaa. Halafu kuna zamu ya kushusha watu. Dereva anapanga kwa njia na si kwa cheo, na kuketi mbele hakukufanyi wa kwanza kushuka. Nimesikia wachungaji wakilalamika kwamba kijana mwenye begi la mgongoni alishushwa kabla yao. Ndiyo, kwa sababu hoteli yake ilikuwa ya kwanza njiani. Wa mwisho anaweza kuzunguka mji saa nzima baada ya wa kwanza kufika. Kama una mkutano siku ile ile, au unasafiri na mgonjwa au mzee ambaye hawezi kukaa muda mrefu, gari la pamoja halikufai, na katika hali hiyo teksi si anasa. Programu za simu kama Uber na Bolt zinafanya kazi Nairobi na zinaonyesha bei kabla hujapanda. Basi la namba 34 nalo linakwenda mjini kwa bei ya chini sana, lakini kwa mgeni mwenye masanduku usiku simshauri.

Jina la hoteli peke yake halitoshi. Nyumba za wageni za makanisa zinafanana majina, na baadhi ziko ndani ya uwanja wa kanisa, bila kibao barabarani. Andika kwenye karatasi jina, barabara, mtaa na namba ya simu ya mapokezi, na kama unafika usiku wa manane, pigia hoteli kabla ili mlinzi ajue atafungua geti. Dereva wa naveti hana muda wa kungoja geti lifunguliwe. Abiria wengine wamo ndani.

Omba risiti kabla ya kushuka. Mtunza hazina wa jumuiya hatakubali maneno matupu, na ni haki yake. Kama dereva hana kitabu cha risiti, aandike kwenye karatasi tarehe, kiasi, kutoka wapi mpaka wapi, namba ya gari, na atie sahihi. Ujumbe wa M-Pesa nao ni ushahidi mzuri, usiufute.

Safari ya kurudi inataka muda zaidi kuliko ya kuja. Naveti itakuchukua mapema kwa sababu ina wengine wa kuchukua, na inaweza kuanza na wewe ukazunguka nayo. Zaidi ya hayo, kabla ya kufika kwenye majumba kuna kizuizi cha ulinzi ambapo abiria wote wanashuka, wanapita kwa miguu kwenye ukaguzi, na dereva anapita na gari peke yake kuwangoja upande wa pili. Shuka na pasipoti, simu na feza zako mkononi, usiziache kwenye kiti. Angalia namba ya gari kabla ya kushuka, kwa maana upande wa pili utakuta magari meupe ishirini yanayofanana. Kwa ndege ya nje, uwe uwanjani saa tatu kabla ya kuruka. Kama ni siku ya kazi na ndege yako ni ya jioni, mwambie dereva akuchukue kabla ya saa 15:00, wakati barabara ya Uhuru bado inapitika.