Muziki wa Cornwall: Lugha Ilipolala, Wimbo Ulikesha

Kila mwaka mwanzoni mwa Mei, mitaa ya Padstow hutikisika kwa ngoma na akodioni. Katikati ya umati hucheza "farasi": mtu aliyebeba mabegani duara pana lililofunikwa kitambaa cheusi, na kinyago juu yake. Kila baada ya muda wimbo hupoa na farasi hujilaza chini kana kwamba amekata roho. Kisha ngoma hurindima tena, naye huinuka.

Padstow iko Cornwall, rasi iliyo kusini magharibi kabisa mwa Uingereza. Wageni huijua kwa fukwe zake, lakini wenyeji wengi hujihesabu kuwa taifa la Wakelti, ndugu wa watu wa Wales na wa Bretagne kule Ufaransa. Walikuwa na lugha yao, Kikornishi. Mwaka 1549, serikali ilipoamuru kitabu kipya cha ibada kwa Kiingereza, watu wa Cornwall na majirani zao wa Devon waliasi, na maelfu wakauawa. Lugha ilizidi kurudi nyuma hadi, kufikia mwisho wa karne ya 18, haikuwa tena lugha ya kila siku.

Muziki haukupotea nayo, kwa sababu ulikuwa na kazi ya kufanya. Itazame ala iitwayo crowdy-crawn: ngozi iliyowambwa juu ya duara la ubao, mithili ya tari. Chombo hichohicho kiliwekewa nafaka nyumbani. Ngoma iliyo pia chombo cha jikoni haisahauliki kwa urahisi.

Migodini hali ilikuwa hiyohiyo. Wachimbaji wa bati na shaba waliupokea Umethodisti wa John Wesley, aliyewahubiria mara nyingi katika bonde la Gwennap, chini ya anga wazi. Vijijini yakajengwa makanisa madogo, na humo wachimbaji wakajifunza kuimba kwa sauti nne. Kutoka mazingira hayo alitokea Thomas Merritt wa Illogan, aliyeingia mgodini akiwa mtoto, akajifunza muziki na kutunga nyimbo za Krismasi kabla ya kufariki mwaka 1908. Migodi ilipodorora, wachimbaji walihamia Australia, Mexico na Marekani, na nyimbo zikasafiri nao. Huko Grass Valley, California, wazao wao wameziimba kizazi baada ya kizazi.

Lugha nayo ikaanza kuinuka. Mwaka 1904 Henry Jenner alichapisha kitabu cha kufundishia Kikornishi. Mwaka 2014 serikali ya Uingereza iliwatambua watu wa Cornwall kuwa jamii ndogo ya kitaifa. Katika mwamko huo wanamuziki wako mstari wa mbele: Gwenno Saunders, aliyelelewa akizungumza Kikornishi, alitoa mwaka 2018 albamu nzima kwa lugha hiyo, Le Kov. Kijana asiyewahi kufungua kitabu cha sarufi huweza kuyaonja maneno ya mababu kupitia kiitikio.

Kwa hiyo, kwa yeyote anayehofia lugha ya kwao kufifia, nasaha yangu ni hii: rekodi na kamusi ni muhimu, lakini hazitoshi. Wimbo uwe na mahali pake pa kuimbwa, shambani, ibadani au shereheni, na watoto wawepo wakisikia.