Kabla Hujawasha Hiyo Leza, Angalia Chati

Unaijua ile leza ya nyumbani inayouzwa mtandaoni, eti dakika kumi kila jioni na makovu ya chunusi kwisha? Manze, mimi nilinunua, tena kwa nauli ya mwezi mzima. Nikajifungia chumbani hapa Mamboleo, nikajimulika shavu. Asubuhi lilikuwa linawaka kama nimemwagiwa chai. Wiki mbili baadaye pakabaki doa jeusi, kubwa kuliko kovu nililokuwa nalifukuza.

Ndipo nikasoma karatasi ya maelezo. Kumbe haikuwa hata leza, ni taa ya mwanga mkali, IPL. Na kwenye chati ya rangi za ngozi, rangi yangu ilikuwa na alama ya X.

Sababu? Melanini hufyonza mwanga huo na kuugeuza joto. Sisi tunayo nyingi, kwa hivyo ngozi ya juu ndiyo huungua. Kipimo cha Fitzpatrick, kilichoanza Marekani mwaka 1975, leo kina aina 6 za ngozi. Wengi wetu Kisumu tuko ya 5 au ya 6. Kwetu, daktari wa ngozi mara nyingi huchagua leza ya nanomita 1064, ambayo melanini huifyonza kidogo.

Umeshaungua? Poza kwa maji baridi, usichubue, usipake krimu ya kung'arisha, jikinge na jua, kisha muone daktari. Doa langu linafifia, polepole. Wewe anza na chati.